Gigahezi 3.2 na gigahezi 3.2

Leo nina habari ya mashine. Usikimbie, si habari ya mafundi peke yao. Ni habari ya hela.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu, binti wa mama mdogo, kanipigia simu kutoka Kariakoo. Kamaliza chuo cha uandishi wa habari mwaka jana, ajira hakuna, kaamua kutengeneza ripoti zake mwenyewe za video na kuziuza. Simu ya kupigia picha anayo, nzuri tu. Kinachokosekana ni kompyuta ya kuhariria. Hela kaikusanya mwaka mzima na ushee, nyingine ya kikoba, na hiyo ikipotea hakuna nyingine nyuma yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vipi?"

"Niko dukani. Kuna mashine mbili za mtumba. Moja HP kubwa ya mezani, Xeon, viini sita, RAM 32. Nyingine MacBook Air, M1, RAM nane. Laptopu inamaliza hela yangu yote, ile kubwa inaniachia chenji ya skrini na UPS. Zote zimeandikwa gigahezi 3.2. Muuzaji anasema Xeon ni prosesa ya serva, haifi leo wala kesho, hii laptopu ni urembo tu. Nilipe?"

"Usilipe. Toka nje, kanywe juisi ya miwa. Nakupigia baada ya nusu saa."

Kusema kweli mimi si hakimu mzuri wa kesi hii. Hiyo HP ni Z420, na ya namna hiyohiyo ninayo chini ya meza yangu tangu 2019. Naipenda. Imenilisha. Hiyo Air nayo naifahamu, maana rafiki yangu tunayefanya naye kazi anayo, na nimeiazima mara nyingi kiasi kwamba siku hizi ananiuliza kama chaja ninayo mimi au yeye. Kwa hiyo nitawasimulia nilichokiona kwa macho yangu kwenye mashine zote mbili, halafu nitasema msimamo wangu.

Tuanze na mzee. Xeon E5-1650 ilitoka 2012. Wakati huo haikuwa mashine ya mtu kama mimi. Bei ya orodha ya prosesa peke yake ilikuwa dola 583, na kompyuta zilizoibeba ziliwekwa kwa wahandisi, wachora majengo na watengeneza filamu. Ina viini sita, nyuzi kumi na mbili, mwendo wa kawaida gigahezi 3.2, ikikazwa inapanda hadi 3.8. Ofisi za Ulaya na Marekani zilipozichoka ndipo zikatufikia sisi, kwenye makontena, kwa bei ya kutupa. Mtu anayeinunua leo anajiona kanunua Land Cruiser ya ubalozi kwenye mnada. Hisia hiyo naijua, nilikuwa nayo siku nzima niliyoibeba.

M1 ilitangazwa na Apple tarehe 10 Novemba 2020. Ina viini vinane, vinne vya kazi nzito na vinne vya kazi ndogondogo, na mwendo wake wa juu ni gigahezi 3.2. Haikutoka kwenye ukoo wa Intel. Imejengwa juu ya usanifu wa Arm, uleule wa simu yako ya mkononi, ambao chipu yake ya kwanza ilifanya kazi Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. Yaani ukoo wa simu ulirudi kwenye kompyuta na kuwakuta wakubwa wamelala.

Sasa ile namba. Nilipokuwa shule ya msingi, intaneti kafe ya mtaani kwetu ilikuwa na bango lililojisifu kwa Pentium 4, na sisi watoto tulibishana gigahezi kama wengine wanavyobishana Simba na Yanga. Enzi hizo ubishi ule ulikuwa na maana kidogo, maana karibu kila mwaka mwendo ulipanda. Halafu ukagota. Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004, na mwaka huohuo Intel ikaifuta ile ya gigahezi 4 iliyokuwa imeahidiwa. Joto lilikuwa limewashinda. Ukiongeza mapigo unaongeza umeme, ukiongeza umeme unaongeza joto, na chuma cha kupozea kina mwisho wake. Tangu hapo wahandisi waliacha kukimbiza saa, wakaanza kutafuta kazi zaidi ndani ya kila pigo. Sisi wanunuzi tulibaki tunasoma bango la intaneti kafe.

Gigahezi 3.2 maana yake ni mapigo bilioni 3.2 kwa sekunde. Basi. Haisemi kila pigo linafanya nini. Fikiria mama lishe wawili wa saa saba mchana, mikono yao inakwenda kwa kasi ileile. Wa kwanza kila akigeuka anasoma oda nne, wa pili anasoma nane. Ndivyo ilivyo hapa: kiini cha Xeon ya 2012 kinafumbua maagizo manne kwa pigo, kiini kikubwa cha M1 kinafumbua manane. Si hilo tu. Yule wa pili anaangalia foleni kwa mbali. Anaona mteja wa kumi anataka chipsi, anaziweka kwenye mafuta sasa hivi wakati ugali wa mteja wa kwanza unaiva, hasubiri. Kizazi cha Xeon hii kinaweza kushika maagizo 168 kwa pamoja na kuyapanga upya hivyo. Kwa M1, waliopima wanakadiria maagizo 630 hivi. Na viungo amevipanga karibu na mkono: kila kiini kikubwa cha M1 kina kilobaiti 192 za kuwekea maagizo na 128 za data pembeni kabisa, wakati cha Xeon kina 32 na 32. Kila prosesa inapokosa kitu karibu, inakwenda kukitafuta mbali kwenye RAM, na safari hiyo inakula mapigo mamia.

Matokeo yake ni kwamba kiini kimoja cha M1 kinafanya kazi zaidi ya mara mbili ya kiini kimoja cha Xeon yangu, na namba kwenye lebo ni ileile. Viini vyote vikifanya kazi pamoja pengo linapungua, maana mzee ana sita vyote vizito na kijana ana vinne tu vya aina hiyo, lakini bado kijana anaongoza.

Hapo nilipoligundua hilo kwa mara ya kwanza niliona aibu kidogo. Miaka minne nimewasimanga watu wenye laptopu nyembamba.

Umeme ndio unaouma zaidi. Xeon hii imepangiwa wati 130, yaani chuma cha kupozea lazima kiwe tayari kuondoa joto la kiasi hicho, na hapo hujahesabu kadi ya grafiki, diski na feni. Chaja nzima ya MacBook Air ya M1 ni ya wati 30. Hizo zinatosha prosesa, skrini, spika, na kujaza betri juu. Air haina hata feni. Kuna gharama yake: ukiikamua kazi nzito kwa muda mrefu inapata moto na kupunguza mwendo yenyewe. Lakini mimi ninayeishi Tabata kwenye chumba kisicho na kiyoyozi naweza kuwaambia kwamba mwezi wa pili, ukiwasha mashine ya wati 130 saa nane usiku, nayo ni kama umewasha jiko la pili. Mke wa jirani aliwahi kuniuliza ninakausha nini humo ndani.

Tupige hesabu kwa LUKU. Tuseme Z420 yangu nzima inakula wati 200 ninapohariri, saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kama uniti 42. Kwa sisi tulio kwenye bei ya kawaida, uniti moja ikijumlishwa kodi na tozo inafika kama shilingi 356, kwa hiyo ni karibu shilingi 15,000 kwa mwezi. Laptopu ikila wati 15 kwa saa hizohizo, ni kama uniti tatu, shilingi elfu moja na kitu. Tofauti kwa mwaka ni shilingi 160,000 na zaidi. Si ndogo, ila si ya kuua mtu. Nilitegemea hesabu hii iimalize kesi, haikuimaliza. Ukisikia mtu anasema mashine za zamani zinafilisi kwa umeme peke yake, mwambie apige hesabu kwanza.

Bili ni jambo moja. Kukatika ni jambo jingine. Mwishoni mwa 2023 mnakumbuka mgao ulivyokuwa, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024. Usiku mmoja wa kipindi kile nilikuwa na ripoti ya dakika kumi na mbili, inatakiwa saa kumi na mbili asubuhi. Umeme ukaondoka saa tano usiku. UPS yangu ilipiga kelele dakika chache, ikafa. Nikakaa gizani na mashine yenye viini sita na nyuzi kumi na mbili na thamani ya tofali. Rafiki yangu, mwenye Air, alikuwa amekaa ngazini kwake Sinza anahariri ya kwake kwa betri, anatumia intaneti ya simu. Ripoti yangu haikufika. Mhariri aliyeiagiza hakugomba, alisema tu "sawa", na tangu siku hiyo hajaniagiza nyingine. Ningependa angegomba.

Halafu kuna suala la video zenyewe, na hapa ndipo muuzaji wa Kariakoo hakumwambia mdogo wangu kitu ambacho kingemgharimu. Simu nyingi nzuri za leo hurekodi kwa mtindo unaoitwa HEVC, unaobana video sana ili isijaze simu. Kuifungua video iliyobanwa hivyo ni kazi ngumu. M1 ina sehemu maalumu ndani ya chipu kwa kazi hiyo tu, prosesa yenyewe haijichoshi. Xeon yangu haina. Ilizaliwa kabla mtindo huo haujakamilishwa, mwaka 2013, na wala haina sehemu ya picha ndani yake. Inategemea kadi ya pembeni, na kadi iliyokuja na yangu, Quadro K2000, nayo ni ya kabla ya HEVC. Kwa hiyo ukiweka video ya simu ya 4K kwenye mashine yangu na kubonyeza cheza, inakwenda kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Lazima kwanza nizigeuze zote ziwe za mtindo mwepesi, ndipo nianze kazi. Kazi ya nusu saa ya picha inanila usiku wa kugeuza. Kwenye Air unaburuta, unaanza kukata.

Ongeza na hili: programu kadhaa mpya za video zinadai seti ya maagizo iitwayo AVX2, ambayo Intel waliianzisha 2013. Prosesa ya 2012 haina, na hakuna fundi wa kuiongezea. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Yangu ni ya kizazi cha pili. Njia za kupenyeza zipo, vijana wa madukani wanazijua, lakini mtu wa habari mwenye sauti za watu waliomwamini ndani ya diski yake asikae kwenye mfumo wa kupenyeza. Mimi nimeweka Linux. Inakwenda vizuri sana. Ila si kila mtu ana uvumilivu wangu, au ukaidi wangu.

Sasa msidhani nimemsaliti mzee. Nina upande wa pili, na huu nao nauamini.

Mwaka jana kipande kimoja cha RAM kwenye Z420 yangu kilikufa. Nilifungua ubavu wa boksi kwa mkono, bila hata bisibisi, nikakichomoa, nikaenda dukani, nikarudi na kingine. Nafasi za RAM zipo nane, inabeba hadi gigabaiti 64, tena RAM ya aina inayojirekebisha makosa madogo yenyewe. Pawa saplai ikifa unachomoa nzima na kuweka nyingine. Diski naongeza nitakavyo. Kuna wakati nilikuwa na mafaili ya zabuni yaliyopigwa skani, maelfu ya kurasa, na programu ya kuyasoma maandishi ilikuwa inakula RAM kama nzige. Mzee hakutetereka. Air yenye RAM nane ingeanza kuhamishia mizigo kwenye diski na kukokota.

Na ile Air haiongezwi RAM. Si leo, si kesho, si kwa hela yoyote. RAM imewekwa pamoja na chipu yenyewe wakati inatengenezwa, na hifadhi ya mafaili imelehemiwa kwenye ubao. Zilitoka za gigabaiti 8 na 16, na ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Apple wenyewe walikuja kukubali kimyakimya kwamba nane hazitoshi, walipoanza kuuza Air zenye 16 kama kiwango cha chini kuanzia Oktoba 2024. Dada mmoja tuliyekuwa naye kwenye kozi alimwagia laptopu ya namna hiyo chai ya rangi, kikombe kimoja. Fundi akamwambia ubao umekufa, na kwa kuwa prosesa, RAM na hifadhi vyote viko kwenye ubao huohuo, mahojiano yake ya miezi mitano yamekufa nao. Nakala hakuwa nayo. Nimewahi kumwagia Z420 maji. Niliipangusa.

Watasema ukaribu huo wa RAM na prosesa ndio unaoleta kasi na kuokoa umeme. Ni kweli kwa sehemu, na sikatai. Nyaya fupi zina faida yake. Lakini hifadhi ya mafaili kulehemiwa ni uamuzi wa kibiashara, tusidanganyane, na nchi kama yetu ambako kompyuta moja inapita mikono minne kabla ya kufa ndiyo inayolipia uamuzi huo. Kariakoo nzima, Mtaa wa Aggrey na kwingineko, imejengwa na vijana wanaojua kuchomoa na kuchomeka. Mashine zinazokuja hazichomolewi. Hilo linanikera, na sioni wengi wakilisema, kwa sababu sote tumepumbazwa na betri inayokaa siku nzima.

Na wauzaji nao wana lao. Kuandika "Xeon, 3.2, viini sita" bila kuandika mwaka ni sawa na kuuza gari kwa kutaja ukubwa wa tangi. Si uongo. Ni ukweli uliochaguliwa. Mdogo wangu ana diploma, anajua kuhoji waziri, lakini hakujua kuuliza swali moja tu: hii prosesa ni ya mwaka gani? Sisi waandishi tunakagua kila namba anayoitoa mwanasiasa, halafu tunaingia dukani tunameza ya kwenye lebo.

Nilimpigia. Nikamuuliza kazi yake itakuwa wapi. Akasema stendi, sokoni, mahakamani, popote. Nikamuuliza ana nini cha kuhariri zaidi ya video za simu. Hana.

"Basi chukua laptopu," nikamwambia. "Ila usichukue hiyo ya nane kama kuna ya 16. Mwambie aangalie stoo. Angalia na betri imetumika mizunguko mingapi, nitakuelekeza pa kusoma. Na hakikisha haijafungwa na akaunti ya mwenyewe wa zamani, aizime na kuiwasha upya mbele yako."

"Na nikimwaga chai kaka?"

Swali zuri. Nikamwambia anunue diski ya nje kabla ya kununua mkoba wa laptopu, na kila jioni aweke nakala, na kila Jumapili alete nakala nyingine kwangu. Mzee atazitunza. Ana nafasi ya diski, ana RAM inayojirekebisha, na saa mbili za kuwashwa kwa wiki hazitatikisa LUKU ya mtu. Siiuzi Z420 yangu, mtu asinipigie.

Ya 16 ilikuwepo, ila ilizidi hela yake kidogo. Nimemwongezea. Anadai atanirudishia kwenye ripoti ya kwanza atakayouza, na Jumapili hii kaja na diski yake, imejaa theluthi moja tayari, mahojiano ya wauza samaki wa Feri. Tulipoyafungua kwenye mashine yangu yakawa yanakokota, picha inaganda, sauti inatangulia. Akanitazama. Nikamwambia hapa tunahifadhi tu, hatutazami.